Yuniti Moja ni Mitungi 1,500: Namna ya Kuijua Stima kwa Kuipima

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tatu. Jumamosi moja alinijia na karatasi ya mtihani wa fizikia, uso umemshuka. Swali lilikuwa hili: birika la wati 2,000 likiwashwa kwa dakika sita, litatumia nishati kiasi gani? Alikuwa ameandika "kilowati 2", mwalimu akatia mkasi kwa wino mwekundu. "Anti," akaniuliza, "si wati ndiyo stima yenyewe? Dakika zinaingiaje hapo?"

Mimi ni fundi wa stima. Nimevuta nyaya katika gorofa za Umoja, Kayole na Komarock kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali hilo nimelisikia hata kwa watu wazima wanaonunua tokeni kila wiki. Fomula zote mtoto alikuwa nazo kichwani. Alichokosa ni kitu cha kuzishikia. Nikamwambia aweke kalamu chini, tutoke nje.

Maji yalikuwa yamepotea wiki hiyo. Kijana wa mkokoteni alikuwa ameegesha langoni, anapandisha mitungi ya lita 20 kwa wapangaji. Bei yake hutegemea orofa: wa chini hulipa kidogo, wa orofa ya nne hulipa zaidi kwa mtungi uleule. Nikamwambia binti, mtazame huyo vizuri, maana somo lako lote analibeba begani.

Chaji ya umeme ndiyo maji. Hupimwa kwa fungu linaloitwa kulombi, kama maji yanavyopimwa kwa mtungi. Volti ni kazi iliyomo katika kila fungu moja, kama orofa ilivyo kwa mtungi: jiwe la tochi la volti 1.5 huipa kila kulombi moja jouli 1.5, na soketi ya ukutani huipa jouli 240. Ampea ni mafungu mangapi yanapita kwa sekunde moja, kama mitungi mingapi inafika juu kwa saa. Ukizidisha kazi ya kila mtungi kwa idadi ya mitungi inayopita, unapata kasi ya kazi yote. Hiyo kasi ndiyo wati. Volti mara ampea, wati.

Sasa tuhesabu. Lita 20 za maji ni kilo 20. Orofa ya nne iko kama mita 12 juu ya ardhi. Kilo 20, mara 10 ya mvutano wa dunia, mara mita 12, ni jouli 2,400 kwa mtungi mmoja, bila kuhesabu uzito wa mwili wa kijana mwenyewe. Akitumia dakika moja kufika, jouli 2,400 kwa sekunde 60 ni wati 40. Hapo ndipo dakika zinapoingia. Wati 40 hazisemi amebeba maji mengi au machache leo. Zinasema anabeba kwa kasi gani. Ukitaka kujua kazi yote aliyoifanya, lazima uulize amefanya kwa muda gani.

Yuniti unayonunua kwa tokeni ni kilowati-saa moja, yaani wati 1,000 zikifanya kazi kwa saa nzima. Saa ina sekunde 3,600, kwa hiyo yuniti moja ni jouli 3,600,000. Gawanya kwa 2,400. Unapata mitungi 1,500 iliyopandishwa orofa ya nne. Kijana akibeba 50 kwa siku, atamaliza yuniti moja kwa mwezi mzima bila kupumzika hata Jumapili. Shawa ya kuchemsha maji papo hapo, ya wati 5,500, huimaliza kwa dakika 11.

Binti alinyamaza, akamwangalia yule kijana akishuka ngazi akifuta jasho. Kisha akaandika jibu la mtihani upya: wati 2,000 mara sekunde 360, jouli 720,000, yaani yuniti 0.2. Sikumsaidia.

Baada ya hapo nilimwekea Jumamosi nne za kupima. Nitakueleza tulivyofanya, nawe ufanye kwenu.

Taa nyekundu ya mita

Kifaa cha kwanza tayari unacho, hukinunui. Kwenye mita ya stima kuna kijitaa chekundu kinachopepesa. Pembeni yake pameandikwa namba na "imp/kWh". Mita yetu imeandikwa 1000. Yako huenda ikawa 1600 au 3200. Maana yake ni mipepeso mingapi hufanya yuniti moja. Gawanya 3,600,000 kwa namba hiyo upate jouli za mpepeso mmoja. Kwa mita ya 1000, kila mpepeso ni jouli 3,600. Ikiwa mita yenu iko kwenye sanduku la langoni pamoja na za wapangaji wengine, hakikisha namba ni yenu, na uangalie kwa macho tu. Sanduku halifunguliwi, nyaya zake haziguswi.

Kwanza zima kila kitu nyumbani, friji pia, uchomoe na chaja za simu. Kijitaa kitulie. Kisipotulia, kuna kitu kinakula. Mama mmoja aliniita Kayole akilia kwamba tokeni haimalizi wiki. Tulizima vyote, taa ikaendelea kupepesa vilevile. Nilipofuata nyaya nikakuta taa za ngazi na pampu ya maji ya ploti nzima vimeungwa kwenye mita yake. Alikuwa amelipa hivyo miezi na miezi. Angejua jaribio hili la dakika mbili, angegundua mwezi wa kwanza, ndiyo maana nataka kila mtoto alijue.

Kikitulia, washa kifaa kimoja tu. Shika saa ya simu. Mpepeso unaoanzia uuhesabu sifuri, kisha hesabu hadi 20, usimamishe saa. Zidisha 20 kwa jouli za mpepeso mmoja, ugawanye kwa sekunde ulizopata. Hizo ni wati za kile kifaa, umezipima mwenyewe. Koili ya kupikia itakupa karibu na 1,000. Pasi itakupa namba kama hiyo, lakini inajizima na kujiwasha yenyewe ikishapata joto, kwa hiyo ipime dakika ile ya kwanza.

Balbu ya LED ya wati 9 itakuchosha, maana kwa mita ya 1000 hupepesa mara moja kwa karibu sekunde 400. Ngoja mpepeso mmoja hadi mwingine, hutahitaji zaidi. Yuniti moja huiwasha balbu hiyo saa 111. Na simu? Betri ya miliampea-saa 5,000 hubeba karibu wati-saa 19. Hata ukihesabu kinachopotea kwenye chaja, yuniti moja hujaza simu kama mara 40. Nimesikia watoto wengi wakigombezwa kwa kuchaji simu usiku kucha, na mgombezaji ametoka kuoga kwa shawa dakika ishirini. Nawaomba wazazi wapime kabla ya kugomba.

Jambo moja kuhusu pesa: ujumbe wa tokeni unaonyesha shilingi ulizolipa na yuniti ulizopata. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, utapata bei halisi ya yuniti yenu, kodi na yote. Izidishe kwa yuniti za kila kifaa.

Mawe mawili, balbu, na swali lililotukesha

Kwa Jumamosi ya pili tulishuka mjini, barabara ya Luthuli, tukanunua mita ya kupimia ya bei nafuu, balbu ndogo za tochi za zamani zenye uzi ndani (zimeanza kuadimika, uliza duka hadi duka), na waya mwembamba. Mawe ya tochi tulikuwa nayo. Majaribio yote ya kugusa nyaya kwa mkono hufanywa kwa mawe. Soketi ya ukutani si ya majaribio, hata kama rafiki yako amesema anajua.

Mita ya kupimia ina mambo mawili ya kuzingatia. Ukipima volti, unaweka ncha zake pande mbili za kitu, saketi ikiwa nzima. Ukipima ampea, unakata saketi na kuifanya mita iwe sehemu ya njia, ili chaji yote ipite ndani yake. Mita ikiwa kwenye ampea ni sawa na waya mtupu. Ukiiweka hivyo moja kwa moja kwenye jiwe, unaunguza fyuzi yake. Ukiiweka kwenye soketi, unaweza kuungua mikono na macho. Nimeona mtu mzima akifanya hivyo.

Unga mawe mawili yafuatane, upate volti 3. Unga balbu yenye maandishi 2.5V 0.3A. Itawaka. Sisi tulipata volti 2.6 kwenye balbu, ampea 0.31. Hizo volti 0.4 zilizopungua zimebaki ndani ya mawe yenyewe, kwa sababu hata jiwe lina ukinzani wake. Sasa gawanya volti kwa ampea: 2.6 kwa 0.31 ni 8.4. Huo ndio ukinzani wa balbu, unaopimwa kwa omu. Kipimo hiki kimepewa jina la Georg Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule, aliyechapisha kanuni hii mwaka 1827: volti ni ampea mara ukinzani.

Kisha tukaitoa balbu, tukageuza mita kwenye omu, tukaipima ikiwa peke yake. Mita ikasema omu 1 na kidogo.

Binti akadhani amekosea. Akapima tena. Akabadilisha balbu. Ikasema vilevile. Hesabu inasema 8.4, mita inasema 1. Nikamwacha na hilo wiki nzima, na nakuomba nawe uliache likusumbue kabla hujasoma aya inayofuata, kwa sababu hili ndilo swali lililonifanya mimi niipende kazi hii nilipokuwa mwanagenzi.

Balbu ikiwaka, uzi wake una joto la digrii elfu mbili na zaidi. Chembe za metali zinatetemeka vikali, na chaji inayojaribu kupita inagongana nazo kila hatua. Ni kama kupita soko la Gikomba siku ya kufungua bale: watu walewale, njia ileile, lakini kila mtu anahangaika na hupiti. Uzi ukipoa, umati umetulia, njia iko wazi. Mita ya kupimia hutuma mkondo mdogo mno usioweza kuupasha uzi joto, kwa hiyo inaona ukinzani wa baridi. Balbu haikuivunja kanuni ya Ohm. Kanuni inataka joto lisibadilike, na maneno hayo madogo, "joto likiwa halibadiliki", ndiyo wanafunzi huyaruka wakikariri.

Baada ya hapo unaweza kukata saketi na kuweka vitu katikati uone mwangaza: msumari, sarafu, kipande cha plastiki, risasi ya penseli iliyochongwa pande zote mbili. Kwa penseli, sogeza waya karibu au mbali kwenye risasi, mwanga utaongezeka na kufifia. Risasi ndefu, ukinzani mwingi.

Waya unaopata moto

Joto linalotokea kwenye waya ni ampea mara ampea mara ukinzani. Angalia ampea zinavyoingia mara mbili: mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Koili ya wati 1,000 kwenye volti 240 huvuta ampea 4 na kidogo. Unga koili na birika na pasi kwenye ekstensheni moja yenye nyaya nyembamba na utakuwa umevuta ampea 17 au zaidi kupitia plagi ya ampea 13. Ishike ekstensheni ya nyumbani ikiwa inafanya kazi. Ikiwa ya moto mkononi, imelemewa.

Fyuzi iliyomo ndani ya plagi ni kipande cha waya kilichotengenezwa kife kabla ya nyumba kuungua. Niliitwa siku moja kwenye ploti ambapo plagi ilikuwa imeyeyukia kwenye ukuta, ukuta mweusi hadi darini. Nilipoipasua, fyuzi haikuwepo: mtu alikuwa ameweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Watoto wawili walikuwa wamelala chumba kile. Walitolewa salama, lakini tangu siku hiyo sitoki nyumba ya mteja bila kufungua plagi zake. Fyuzi ikiungua, tafuta sababu kwanza, kisha weka mpya yenye namba inayofaa. Birika la wati 2,200 huvuta ampea 9.2, linafaa fyuzi ya 13. Runinga hutosheka na ya 3.

Na mwili wako? Ngozi kavu huzuia sana. Ngozi iliyolowa inaweza kuacha kama omu 1,000 tu, na 240 gawanya kwa 1,000 ni ampea 0.24. Swichi ya kinga inayowekwa kwenye boksi kuu hukata stima ikivuja ampea 0.03. Umeona pengo hilo. Mtu akinaswa, usimshike: zima swichi kuu kwanza. Usipoifikia, msukume waya au mtu kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu, kisha mpelekeni hospitali hata akisema yuko sawa. Rangi za waya mpya ni kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro, kijani na manjano kwa athi. Kwenye nyumba kongwe utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Zijue, lakini kuzijua si ruhusa ya kufungua soketi.

Siri ya birika

Jumamosi ya nne ndiyo niliyokuwa nikiingoja. Geuza birika lenu usome chini. Letu limeandikwa 220–240V, 1850–2200W. Kwa nini namba mbili za wati?

Chomoa birika kabisa ukutani, liweke kwenye kitako chake, bonyeza swichi yake kama unaliwasha, upime omu kati ya pini mbili za chini za plagi. Ile ndefu ya juu ni ya athi, iache. Tulipata 26. Sasa fanya hesabu. Wati ni volti mara ampea, na ampea ni volti gawanya kwa omu, kwa hiyo 240 mara 240 gawanya kwa 26 ni wati 2,215. Mara 220 kwa 220, gawanya kwa 26, ni 1,862. Ndizo namba za kitako, karibu kabisa. Kinyume na uzi wa balbu, waya wa birika ni wa mchanganyiko wa metali ambao ukinzani wake haubadiliki sana ukipata moto, hivyo 26 yako ya baridi inabaki 26 maji yakichemka.

Maana yake ni kwamba ukizijua wati, unaweza kurudi nyuma ukazijua volti bila kuigusa soketi. Saa sita mchana tulizima vyote, tukawasha birika likiwa na maji, tukahesabu mipepeso 20. Sekunde 34. Ni wati 2,118. Zidisha kwa 26, tafuta kipeuo cha pili: volti 235. Tukarudia saa moja na nusu usiku, ploti nzima inapika. Sekunde 38. Wati 1,895. Volti 222.

"Anti, hizo volti 13 zimeenda wapi?"

Zimebaki njiani. Waya wa kutoka transfoma hadi kwenu una ukinzani, mdogo lakini upo. Usiku koili zote za mtaa zinavuta, ampea ni nyingi, na ampea mara ukinzani ni volti zinazoachwa kwenye waya, kama zile 0.4 zilizobaki ndani ya mawe. Kwa sababu hiyohiyo, umeme wa upepo unaotoka Loiyangalani kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa kwa volti 400,000. Orofa ikiwa juu hivyo, kila mtungi unabeba kazi nyingi, mitungi inayohitajika ni michache, na ampea zikiwa chache waya haupati moto bure. Transfoma zinashusha kidogo kidogo hadi nguzo ya mtaani kwenu.

Maji ya birika tuliyanywa chai. Lita 1.7 kutoka digrii 20 hadi 95, maana huku Nairobi, juu ya mwinuko huu, maji huchemka kabla ya kufika 100: jouli 535,500. Binti aligawanya kwa 2,400 kabla sijamwambia, akaandika daftarini: "Chai ya leo, mitungi 223."